Waliojua Aendako Ma Edvina

Siku wanawe walipogombania maiti yake, Ma Edvina alikuwa bado anapumua. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimemwinua kichwa nimnyweshe uji, na uji ulikuwa unashuka. Polepole, lakini unashuka. Mwanawe mkubwa, Riyadhi, alisimama upande wa miguuni na simu sikioni, anapanga na watu wa Bukoba mjini habari ya gari la kubeba mwili. Dada yake, Immakulata, alisimama dirishani, anasema hakuna gari litakaloingia katika kibanja, shamba la ukoo la babu yake, kumchukua Mkristo. Mdogo wao, Josia, mchungaji, alikuwa amefumba macho anakemea. Alikuwa anakemea nini sikujua, maana chumbani hakukuwa na pepo, tulikuwa sisi tu.

Mimi naitwa Renatha. Nyumba yangu na ya Ma Edvina, hapa Ijumbi, zimetenganishwa na migomba michache na njia ya mbuzi. Mimi ni Mlutheri, kwa hiyo katika ugomvi ule sikuwa na upande, na labda ndiyo sababu kikombe cha uji kiliangukia kwangu. Wenzangu walikuwa na shughuli kubwa kuliko uji. Walikuwa wanampangia mtu umilele.

Lakini nianze alikoanzia yeye.

Edvina alizaliwa hapa hapa, binti wa mzee Karugendo, mkulima wa kahawa na ndizi, Mkatoliki wa rozari kila jioni. Kabla hajaolewa na mtu yeyote alizaa mtoto wa kiume. Baba wa mtoto hakuwahi kumtaja kwa mtu. "Alipita," ndivyo alivyosema, kama anayezungumzia wingu. Mtoto alitoka dhaifu, rangi ya majivu, analia kwa sauti isiyofika mlangoni. Mama yake Edvina akakimbia kwa katekista aje ambatize upesi, maana padri alikuwa mbali. Akamkuta shambani kwake anavuna kahawa. Katekista akauliza mtoto ni wa nani. Akaambiwa. Akasema, "Ngoja nimalizie mti huu."

Akaumalizia. Akamalizia na uliofuata. Alipofika, anajifuta mikono kwenye suruali, mtoto alikuwa ameshapoa.

"Basi," akasema. "Hakuna la kufanya tena."

Edvina, akiwa kitandani, akauliza mtoto wake amekwenda wapi. Katekista akaeleza, tena akaeleza vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda Muleba. Mtoto asiyebatizwa haingii motoni, kwa sababu hakutenda kosa. Haingii mbinguni, kwa sababu dhambi ya asili haikuoshwa. Ana mahali pake. Si pabaya. Hakuna mateso. Ila uso wa Mungu hauonekani huko, na mama yake, hata akifika mbinguni, hatamwona.

"Milele?"

"Milele."

Wakamzika alfajiri, kabla majirani hawajaamka, ukingoni mwa kibanja, bila sala wala msalaba. Msalaba ulikuwa wa waliobatizwa. Mzee Karugendo alichimba mwenyewe, akafukia mwenyewe, na juu yake akapanda mgomba. Habari ikaishia hapo. Katika nyumba ile haikutajwa tena, na wadogo zake Edvina walikua bila kujua.

Yule katekista mimi nimemkuta, mzee sana, mtu wa heshima zake. Alipokufa alizikwa kwa matarumbeta. Wakati sanduku linashushwa, Ma Edvina aliniinamia sikioni akasema, "Na huyu, anamalizia mti gani sasa?" Sikumwelewa. Nilidhani ni uzee.

Baada ya mazishi yale ya alfajiri Edvina hakukaa sana Ijumbi. Akaenda Bukoba, Kashai, kwa shangazi yake aliyekuwa amepanga chumba, akawa anauza ndizi mbivu. Chumba cha pili alikaa Asha, mwanamke wa Kiislamu aliyekaanga vitumbua asubuhi na kusema na kila mtu mchana kutwa. Asha akaona binti yule anaacha kuuza kila akipita mama mwenye mtoto mgongoni. Akamuuliza. Na Edvina, ambaye hakuwa amemweleza mtu, akaeleza yote, hata mti wa kahawa, hata mahali pasipo na uso wa Mungu.

Asha akacheka. Si kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeambiwa kwamba ziwa limeibwa.

"Mwanangu, watoto hawahukumiwi. Watoto wadogo wote wako bustanini, Nabii Ibrahimu anawalea. Wa kwetu na wa kwenu."

"Hata asiyebatizwa?"

"Kwani Ibrahimu mwenyewe alibatizwa na nani?"

Watu wa Ijumbi walisema Edvina alisilimu kwa sababu ya Muhidini, fundi cherehani wa Kashai. Si kweli. Alisilimu kwa sababu ya Ibrahimu. Muhidini alikuja baadaye, na alikuja kwa kuwa mpangaji wa jirani, mtu mpole, anayepima nguo mara mbili kabla ya kukata. Akamwoa, akamwita Maimuna, jina alilochagua Asha. Wakamzaa Riyadhi. Ma Edvina aliniambia kwamba miaka ile alilala usingizi wa kweli. Akimfunga mwanawe mgongoni alimwazia yule mwingine bustanini, amekaa kivulini na mzee mwenye ndevu anayejua majina ya watoto wote.

Kisha akaja ustadhi. Kijana, ametoka masomoni ng'ambo, anavaa saa kubwa. Akaombwa awape kina mama darasa. Maimuna akanyoosha mkono na kuuliza habari za watoto waliokufa wadogo. Jibu alikuwa analijua. Alitaka tu kulisikia tena, kama mtu anavyoomba wimbo.

"Mtoto wa Waislamu?" ustadhi akauliza.

"Wa kwangu. Kabla sijasilimu."

"Baba yake Muislamu?"

"Hapana."

"Ndoa ilikuwepo?"

"Hapana."

Ustadhi akakohoa, akapanga kanzu yake magotini. Akasema kwamba kuhusu watoto wa makafiri wanazuoni wamehitilafiana. Wako waliosema ni wa peponi. Wako walionyamaza. Wako waliosema kwamba Siku ya Kiyama watafanyiwa mtihani: utawashwa moto, waambiwe waingie, atakayetii ataukuta baridi na salama, atakayekataa, basi.

Maimuna akainuka, akachukua ndala zake, akatoka. Asha alimfuata nje akimwambia yule ni kijana, asimsikilize, Mungu ni mkubwa kuliko vitabu vyake. Lakini jambo lilikuwa limekwisha kuharibika.

"Renatha," aliniambia, miaka mingi baadaye, na bado alikunja mdomo kama aliyeuma ndizi mbichi. "Mtoto hajamaliza hata siku, hajui kushika titi, anawashiwa moto apimwe. Na mtu amepanda ndege kwenda kusomea hayo."

Hakuritadi. Aliendelea kufunga Ramadhani, alisema inamkaa vizuri tumboni. Ila hakuuliza tena.

Muhidini akafariki kwa homa. Mzee Karugendo huku naye akawa hajiwezi, na binti aliyekuwa hana mume ndiye aliyeitwa kurudi amtunze. Akarudi. Riyadhi, ndugu za Muhidini wakambakiza Kashai: mtoto ni wa ukoo wa baba, na hawakutaka alelewe penye picha za watakatifu. Alikuwa mdogo wa kutosha kulia na mkubwa wa kutosha kukumbuka. Mama yake alikuwa akimpelekea maparachichi na ndizi kila alipopata gari la kwenda mjini, na kila mara yule mtoto alipokea mfuko bila kumtazama usoni.

Huku Ijumbi akakutana na Julius, aliyefiwa na mke, mwenye kicheko kikubwa na chupa ya lubisi, pombe ya ndizi, isiyokauka. Wakaishi pamoja, wakawazaa Immakulata na Josia. Akaanza tena kwenda kanisani, akikaa nyuma. Hakupokea komunyo, maana ndoa haikuwepo. Watu wakamrudishia jina la Edvina, naye akaitika.

Julius alipokufa, paroko msaidizi alikuja nyumbani kufariji. Kijana, mkarimu, alikunywa chai ya maji matupu bila kulalamika. Nilikuwepo jikoni. Nikamsikia Ma Edvina anamuuliza, kana kwamba anauliza bei ya chumvi, watoto waliokufa bila ubatizo wako wapi.

"Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, mama. Tuna matumaini makubwa."

"Hawako mahali pale? Pasipo moto wala Mungu?"

"Ah." Padri akatabasamu. "Yalikuwa mawazo ya wataalamu wa zamani. Hayakuwa imani ya lazima. Siku hizi hatufundishi hivyo."

Ma Edvina akasema, "Alihamishwa lini?"

"Samahani, mama?"

"Nauliza alihamishwa lini. Mtoto akihamishwa shule, mzazi huambiwa."

Padri akacheka, akidhani ni utani wa Kihaya. Akamtazama, akaacha kucheka, akaweka kikombe chini. Nadhani ni mtu mwema.

Tangu siku ile aliwaita wote jina moja: waelekezaji. Padri, shehe, mchungaji, mganga, hata mwalimu mmoja mstaafu aliyepita akisema mtu akifa amekufa, kama mbuzi tu, na akasema kwa uhakika ule ule. "Naye ni mwelekezaji," Ma Edvina akasema. "Njia yake ndiyo fupi, basi."

Dharau yake kubwa aliiweka akiba kwa Josia. Josia alishindwa useremala, akashindwa kuuza simu, kisha akasikia sauti. Sasa ana kanisa la mabati kule Ijuganyondo, lenye spika kubwa kuliko waumini wake. Mwaka mmoja baada ya baba yake kuzikwa alikuja kumtaka mama yake aokoke, na katika kumhimiza akamwambia kwamba Tata yuko motoni, kwa sababu alikufa na rozari mkononi na lubisi tumboni.

"Umemwona?" mama akauliza.

"Neno linasema, Mae."

"Baba yako alikubeba mgongoni hadi zahanati ulipougua surua, mvua inampiga. Sasa umemtia motoni, na umeketi hapa unamalizia samaki wangu."

Josia akaacha samaki. Kisha, kwa kuwa ni Josia, akammaliza.

Masika ya mwaka ule ndipo mama alipougua nimonia. Hospitali wakamtibu walivyoweza, kisha daktari akatuambia tumrudishe nyumbani, umri umekwenda. Neno hilo likawafikia wanawe kama kengele ya chakula. Immakulata, mwalimu wa shule ya msingi Muleba mjini na mwenyekiti wa jumuiya yake, alifika kwanza na padri, mafuta ya wagonjwa yakapakwa. Riyadhi alifunga duka lake la vifaa vya ujenzi Kashai, akaja na sanda kwenye mfuko wa plastiki. Josia akaja na chupa ya maji aliyoyaombea.

Na mdogo wake Ma Edvina, Ta Kagaruki, akaja na jembe.

Ta Kagaruki haamini sana mambo ya mbinguni. Kwake yeye mtu akifa haendi popote. Anabaki kibanjani, anakaa na wazee, anaangalia nani anapogoa migomba na nani anauza ardhi, na akikasirika anawapa watu ndoto na magonjwa. Imani nzuri, ya mtu anayependa mipaka ya shamba. Ila wazee hao, kwa hesabu yake, ni wa ukoo. Dada aliyeolewa mjini, akabadili dini, akarudi akaishi na mwanaume bila mahari, hawezi kulazwa katikati yao. Akawaonyesha vijana wa kuchimba mahali ukingoni, karibu na njia ya mbuzi, ambapo kulikuwa na shina la migomba mikongwe. "Kateni hii," akasema. Wakakata, wakachimba. Mgonjwa yu hai, ukuta mmoja katikati yao.

Ndipo tukafika pale nilipoanzia. Immakulata alikuwa amemfunga mama yake rozari kiganjani. Riyadhi akakizunguka kitanda, akainama sikio la kulia, akaanza kumtamkisha shahada. Immakulata akainama sikio la kushoto na Salamu Maria. Josia akapandisha sauti: "Mae, hata kwa kichwa! Kubali kwa kichwa tu, Bwana anaona!"

"Muwe na adabu," nikasema. "Anakunywa."

"Renatha, haya ni mambo ya familia," Immakulata akasema.

"Mama yangu ni Muislamu," Riyadhi akasema. "Alisilimu kwa hiari yake kabla nyinyi hamjazaliwa. Nimenyimwa kuishi naye, nitanyimwa na kumzika?"

Hilo la mwisho lilimtoka vibaya, sauti ikavunjika, na kwa kitambo kidogo nilimwona mtoto wa Kashai na mfuko wa maparachichi. Lakini Immakulata akamjibu, "Nani alikunyima? Ndugu zako!" na wakaendelea.

Ma Edvina akafumbua macho. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akanitazama mimi.

"Renatha," akasema, "uji huu hauna sukari."

Sijapata kuona watu watatu walioudhika hivyo kwa mama yao kupona. Sisemi walitaka afe. Walimpenda, kila mmoja kwa namna yake yenye kelele. Lakini walikuwa wamefika mahali ambapo kufa kwake kungeamua nani alikuwa sahihi, na yeye akaomba sukari. Riyadhi akatoka nje, akapiga simu kuahirisha gari. Josia akatangaza ni muujiza wa maji yake. Mama akamwambia amwagie mbuzi maji yaliyobaki, mbuzi ana mafua.

Siku zilizofuata alikula ndizi na maharage, kisha sato, kisha akaanza kutukana, tukajua amepona. Habari ya kaburi tulimficha. Lakini kaburi si kitu cha kufichika mtu akianza kutembea. Asubuhi moja alijikongoja nje, ananishika bega, akaona udongo mpya umerundikana kule ukingoni. Akasimama. Nilihisi vidole vyake vinabana.

"Nani aliwaonyesha pale?"

"Ta Kagaruki."

Akaniongoza hadi pale. Mgomba ulikuwa umekatwa, mashina yametupwa pembeni yanaoza. Shimo lilikuwa refu, limechimbwa vizuri, kingo zimenyooka. Akaniambia niingie. Nikadhani amechanganyikiwa.

"Ingia, mwanangu. Mimi siwezi. Angalia kama kuna kitu."

"Kitu gani, Ma?"

"Chochote."

Nikashuka. Nikapapasa chini, nikapapasa kingo, nikachambua na ule udongo uliotolewa juu. Mizizi. Minyoo. Mawe madogo. Nikamwambia hakuna kitu. Akaketi juu ya rundo la udongo, na hapo ndipo aliponieleza yote niliyowaeleza: katekista, alfajiri, Asha, ustadhi. Aliponieleza kwamba mtoto alikuwa pale nilipokuwa nimesimama, nilitoka shimoni haraka hata nikachubuka goti.

Akalia. Simjui Ma Edvina kwa kulia. Alilia kama mtu asiyeizoea kazi hiyo, kwa kukwama kwama, kisha akapangusa pua kwa khanga akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Na mimi mwelekezaji," akasema. "Nawacheka wenzangu. Kila nikipita hapa nilimsalimu. Nilimwambia baba amekufa. Nilimwambia Riyadhi ameoa. Mjinga mimi, nilikuwa nasalimiana na mgomba."

Nikaanza kusema, "Ma, Mungu anajua..." Akanitazama. Nikanyamaza. Hata mimi nina adabu.

Ta Kagaruki alikuja jioni ile kutukumbusha kwamba kaburi lililochimbwa halikai wazi. Lisipopewa mtu litajitafutia. Dawa yake inajulikana: unazika kipande cha mgomba badala ya mtu. Ma Edvina akasema ni sawa, lakini wazike wanaohusika, na akaagiza wanawe waitwe.

Wakaja Jumamosi. Immakulata amebeba mchele, Josia amebeba Biblia, Riyadhi amevaa kanzu nyeupe kwa kuwa alikuwa anatoka kwenye nikahi ya jamaa yake. Mama akawapanga pale shimoni kama watoto wa shule.

"Mlikuwa mnajua niendako," akasema. "Nimezaa watoto wangapi?"

Wakatazamana. "Watatu, Mae," Immakulata akasema.

"Wanne."

Akawaeleza kwa maneno machache kuliko aliyonieleza mimi. Alipomaliza, Ta Kagaruki alikuwa amevua kofia, anatazama jembe lake kana kwamba limemsaliti. "Dada, sikujua," akasema. "Waitu, sikujua."

"Ungejua nini? Uliwauliza wazee wako wa migombani? Hawakukuambia?"

Riyadhi akauliza mtoto aliitwa nani.

"Hakuitwa. Hakubatizwa, nani ampe jina?"

Nimemsema sana Riyadhi, na nitamsema tena, lakini nilichokiona lazima nikitaje. Alivua viatu, akashuka shimoni na ile kanzu yake nyeupe, akapiga magoti, akaanza kupapasa kama nilivyopapasa mimi. Nilimwambia nimeshaangalia. Hakunisikia. Alipapasa kila kona, polepole, mpaka mikono ikawa myeusi hadi viwikoni. Aliponyanyua uso, akasema, "Hayupo, mama," na mama akamjibu, "Najua, baba. Toka, utaugua." Alimpa mkono kumvuta, mkono wa mwanamke aliyekuwa mahututi majuzi, na yule bwana mwenye duka akaushika.

Wakazika kipande cha mgomba. Immakulata alianza Baba Yetu kwa mazoea, akaona hakuna anayeitikia, akaacha katikati. Josia hakusema chochote. Nakumbuka nilifikiri: kumbe watu hawa wanaweza kunyamaza, kumbe waliweza siku zote.

Ukimya ule ulidumu mpaka waliponawa mikono. Kwenye chakula, Josia akamega ndizi akasema kwamba kimaandiko, mtoto yule, kwa kuwa hakufikia umri wa kuelewa, yuko salama. Riyadhi akasema hilo lilijulikana tangu zamani, na aliyelisema kwanza si mchungaji. Immakulata akasema Kanisa lake pia siku hizi lina tumaini kubwa, ameambiwa na paroko. Josia akauliza tumaini ndiyo nini, mtu ana uhakika au hana. Sauti zikaanza kupanda. Mtoto aliyekaa ardhini miaka yote ile bila mtu wa kumuuliza, sasa kabla sahani hazijaisha alikuwa na mawakili watatu.

Ma Edvina akachukua kikombe chake cha chai, akatoka nacho, akaja kumalizia kwangu.

"Wamefika wapi?" nikamuuliza.

"Wanampimia kiwanja."

Aliishi misimu mingine kadhaa ya kahawa baada ya hapo. Riyadhi alianza kuja kila mwezi, bila sanda, analeta vitumbua vya Kashai vilivyopoa, wanakula wawili bila kuzungumza dini. Mara moja mama alikwenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji, akasema mbele ya mashahidi kwamba azikwe hapa hapa Ijumbi, asilazwe mochwari kusubiri watu wapatane, na anayetaka kusema chochote juu ya kaburi aseme, yeye atakuwa hasikii. Mtendaji akamuuliza: kwa dini gani, mama? Akamwambia aandike jina la kijiji.

Alikufa mchana, anamenya ndizi, kisu kikaanguka kwanza. Tulimwosha sisi wanawake. Riyadhi alileta sanda, Immakulata alileta sanduku, na baada ya maneno makali lakini mafupi, akatiwa ndani ya sanduku akiwa na sanda. Pale kaburini walipewa nafasi kila mmoja, huku wengine wakimkodolea macho asipitilize. Shehe mmoja wa Kashai akasoma, kwa sauti nzuri, lazima niseme. Kisha paroko. Kisha ikawa zamu ya Josia, na Josia hajui kuzungumza kidogo. Alianza na Adamu. Akapita gharikani. Akaanza kutueleza kuna milango miwili tu, na tayari alikuwa amenyoosha kidole kuelekea upande alikolala baba yake, mvua ikaja kutoka ziwani, mvua ya kweli, kabla hajafika motoni.

Waombolezaji wakakimbilia turubai, paroko ameinua joho, shehe ameshika kofia, Josia wa mwisho, Biblia kichwani. Tukabaki Riyadhi, Ta Kagaruki na mimi, na udongo unageuka matope, tukaendelea kufukia.